Seva tatu, kosa moja: kwa nini nakala peke yake si akiba

Kwenye mpaka wa Mokambo, katika teritware ya Sakania, pale Haut-Katanga inapogusana na Zambia upande wa Mufulira, madereva wa kamyo na mama wa biashara wanalijua vizuri neno hili: « Rezo haiko. » Ukiambiwa hivyo dirishani, unakaa pembeni, unangojea. Rezo ikirudi, kazi inaendelea pale ilipoachwa. Waya ndio ulikatika, lakini kile kilichoandikwa kiko salama.

Kuna shida nyingine isiyofanana na hiyo. Rezo iko, umeme uko, ordinatere inawaka, lakini jina lako halionekani. Ulilipa asubuhi, resu iko mfukoni, na mashini inasema haikujui. Hapo si waya. Kumbukumbu yenyewe imepotea, na lazima watu waende kuitafuta kwenye akiba. Kazi hiyo ya kurudisha ina sheria zake, na mtu asiyegusa ordinatere hata siku moja anaweza kupata hasara kama haikufanywa vizuri.

Karatasi imehamia ndani ya mashini

Zamani buku la biro lilikuwa buku kweli: lenye jalada gumu, mistari na kalamu. Leo mambo mengi ya mpaka yako ndani ya mashini. Duane ya Kongo, yaani DGDA, ile iliyochukua nafasi ya OFIDA, inatumia Sydonia World. Hii ni programu ya CNUCED, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Geneva, na inatumiwa na duane za nchi nyingi. Banki nazo zinaandika ndani ya mashini. Pesa ya simu ni hivyo hivyo. Hata depo ya sima au ya bunga inaweza kuwa na programu yake ya fakture.

Mahali data hizo zinapopangwa panaitwa hifadhi ya data. Ni sawa vile buku kubwa, ila mashini ndiyo inayoandika na kusoma. Mashini ya kutunza buku hilo inaitwa seva.

Mashini inaweza kuungua, kuibiwa, au kuharibika umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo watu wa kazi hii hawapendi kuacha buku kwenye seva moja. Wanaweka mbili, tatu au zaidi. Moja inakuwa seva-mama: hiyo ndiyo inayopokea maandishi mapya. Nyingine zinakuwa pacha zake. Kila mama akiandika mstari, pacha nazo zinauandika, mara nyingi kabla ya sekunde moja kwisha. Mama akifa, pacha moja inachukua nafasi yake na kazi inaendelea.

Mpango huo ni mzuri sana, lakini una shimo ambalo wengi hawalioni.

Karbone haichagui

Wazee waliofanya kazi ya biro wanakumbuka karatasi ya karbone. Unaweka karatasi mbili au tatu, karbone katikati, unaandika mara moja, na kila karatasi inapata maandishi yaleyale. Ukiandika 1 000 mahali pa 100, kosa linashuka mpaka karatasi ya chini. Karbone haiulizi kama umekosea. Pacha wa seva ni karbone.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Depo moja ina seva tatu: moja Mokambo, moja Lubumbashi, moja Likasi. Saa 15:10 karani anataka kufuta fakture moja iliyoandikwa vibaya. Anakosea amri, anafuta fakture zote za mwezi. Seva ya Mokambo inatii. Sekunde hiyohiyo Lubumbashi inafuta, Likasi nayo inafuta. Seva zote tatu ni nzima, zote tatu zinakubaliana, na zote tatu ziko tupu.

Sasa mama mmoja aliyelipa saa 10:00 asubuhi hiyo kwa ajili ya mifuko 40 ya bunga anakuja kuchukua mali yake. Kwa mashini, yeye hakulipa kitu.

Nakala zinazofuata moja kwa moja zinalinda watu dhidi ya mashini inayokufa. Hazilindi dhidi ya mkono unaokosea, wala dhidi ya mwizi aliyeingia ndani ya programu. Kwa hayo kunahitajika kitu kingine: picha.

Picha na jurnali

Picha ya data ni nakala ya buku lote jinsi lilivyokuwa kwenye dakika fulani. Ni sawa na kufunga biro saa 23:00, kupiga foto kila ukurasa, kisha kupeleka foto hizo nyumba nyingine. Kesho mtu akipasua ukurasa, foto ya jana haipasuki. Picha haifuati, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Lakini udhaifu wake pia uko hapohapo. Picha ya saa 23:00 haijui kilichofanyika kesho yake saa 10:00. Kwenye mfano wetu, depo ikirudisha picha tu, inapoteza saa 16 za kazi, na malipo ya yule mama yamo ndani ya saa hizo.

Kwa sababu hiyo mafundi wanatunza pia jurnali. Kabla ya kubadilisha buku, hifadhi ya data inaandika kwanza kwenye jurnali: saa fulani, mstari fulani, badiliko fulani. Ukiwa na picha ya saa 23:00 na jurnali zote zilizofuata, unaweza kurudisha picha, kisha kuiambia mashini irudie kila kitu mpaka saa 15:09, na isimame hapo. Dakika moja kabla ya kosa. Malipo ya mama yanarudi, amri mbaya hairudi.

Jurnali hizo lazima zitunzwe mbali na seva yenyewe. Zikikaa kwenye diski ileile, diski ikifa zinakufa pamoja nayo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni OVH, Strasbourg, Ufaransa, jengo lililokuwa limejaa seva za wateja. Kuna wateja waliopoteza data zao kabisa, kwa sababu akiba yao nayo ilikuwa palepale. Aliyekuwa ameweka akiba mji mwingine aliweza kuanza tena.

Usiku wa GitLab

Mfano unaojulikana sana duniani ni ule wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengenezaji wa programu. Tarehe 31 Januari 2017, hifadhi yake ya data ilikuwa na mama na pacha. Siku hiyo kazi ilikuwa nyingi mno, pacha akabaki nyuma mpaka akashindwa kufuata. Usiku, fundi aliyekuwa amechoka akaamua kufuta data za pacha ili amjaze upya. Akakosea seva. Alifuta za mama. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kusimamisha, lakini kwenye GB 300 hivi zilibaki GB 4,5.

Wakakimbilia akiba. Nakala za kila siku hazikuwepo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhi, ikawa inashindwa kila mara. Barua za kuwaonya mafundi zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyezisoma. Picha za diski hazikuwa zimewashwa kwa seva hizo. Kilichowaokoa ni picha moja ambayo fundi huyohuyo aliipiga kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine.

Kuirudisha kulichukua karibu saa 18, kwa sababu ilikuwa kwenye diski za polepole. Kazi zenyewe za watengenezaji hazikuguswa, lakini miradi mipya 5 000 hivi, maoni 5 000 hivi na akaunti mpya karibu 700 vilipotea. Kampuni haikuficha kitu: ilieleza yote hadharani, hata ikaonyesha kazi ya kurudisha moja kwa moja kwenye YouTube.

Somo ni hili: njia za akiba zilikuwa zaidi ya tatu kwenye karatasi. Hakuna aliyekuwa amezijaribu.

Namna ya kurudisha pasipo kuharibu zaidi

Fundi anayejua kazi anafuata utaratibu, hata kama watu wanapiga kelele dirishani.

Kwanza anafunga mlango. Hakuna mtu anayeandika kitu kipya. Kila fakture inayoingia wakati huo itachanganya hesabu.

Pili, hafuti kitu. Data zilizoharibika nazo anazinakili pembeni. Kama picha ikionekana mbovu, pengine kutakuwa na kitu cha kuokota humo.

Tatu, anachagua picha iliyopigwa kabla ya kosa, na kuifungua kwanza kwenye mashini nyingine. Anaangalia: mistari ni mingapi? Fakture ya mwisho ni ya saa ngapi? Ikiwa nzuri, ndipo anairudisha kwa mama na kuongeza jurnali mpaka dakika iliyo kabla ya kosa.

Nne, pacha. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mama amerudi nyuma mpaka saa 15:09, lakini pacha za Lubumbashi na Likasi bado ziko saa 15:10 na kuendelea, na ukurasa tupu mkononi. Haziwezi kumfuata mama aliye nyuma yao. Zikiachwa zikiwaka, hatari ni kubwa: kwenye mipango mingine seva zinachagua mama kwa kura, na pacha mbili zenye buku bovu zinaweza kumshinda mama mmoja mwenye buku zuri. Kazi ya usiku mzima inafutika tena. Kwa hiyo pacha zinazimwa kabla ya yote, zinasafishwa, kisha zinajazwa upya kutoka kwa mama aliyerudishwa. Zikisha kumfikia, ndipo zinaruhusiwa kufuata tena.

Tano, namba. Tuseme resu ya mwisho kwenye data zilizorudi ni namba 812, lakini kabla ya kosa watu walikuwa wamepewa karatasi mpaka namba 840. Programu ikiachwa hivyo, mteja anayefuata atapewa 813, namba ambayo mtu mwingine anayo mfukoni. Watu wawili, resu mbili, namba moja: hapo ugomvi umezaliwa. Fundi anaisukuma namba mpaka juu ya 840, kisha zile 28 zinaandikwa upya kwa kufuata karatasi.

Sita, kabla ya kufungua dirisha, jumla ya data zilizorudi inalinganishwa na kitu cha nje: karatasi ya banki, kaye ya mlinzi wa depo, ujumbe wa pesa ya simu.

Wengine wanaweka pia pacha mvivu, yaani seva inayofuata mama kwa makusudi ikiwa nyuma saa moja. Kosa likionekana mapema, linasimamishwa kabla halijamfikia. Anasaidia, lakini hachukui nafasi ya picha.

Mwenye resu na mwenye biro

Data zinaporudishwa, karibu kila mara kuna dakika au saa ambazo hazirudi. Katika shimo hilo, karatasi iliyo mfukoni mwa mtu ndiyo ushahidi unaobaki. Kwa hiyo kamyo inapovuka au makuta yanapotoka mkononi, resu isitupwe. Iangaliwe kama ina tarehe, saa na namba. Ipigwe foto kwa simu, maana mvua ya Desemba na jasho vinafuta wino. Ujumbe wa pesa ya simu nao usifutwe haraka.

Mashini ikisema haikujui, usianze na matusi. Swali la maana ni moja: « Data zimerudi mpaka saa ngapi? » Jibu likiwa saa 9:00 na resu yako ni ya saa 10:00, karani anajua mara moja kwamba uko ndani ya shimo, na lazima uandikwe upya.

Kwa mwenye depo, kooperative au kituo cha afya, kazi ni kubwa kidogo. Akiwa na ordinatere moja tu, diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili na kulala nyumba nyingine ni mwanzo mzuri. Diski inayobaki imechomekwa siku zote inaweza kuharibika pamoja na ordinatere.

Na mara moja kwa mwezi, mtu achukue akiba hiyo, aifungue kwenye mashini nyingine, atafute fakture ya mteja mmoja anayemjua. Akiipata, kuna akiba. Asipoipata, bado kuna wakati wa kutengeneza, maana siku hiyo hakuna aliyesimama dirishani na resu mkononi, akidai mifuko yake 40.