Kidole cha Mguu Kikiumia

Wahenga walisema, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Maneno hayo ni ya kweli, lakini yasimfanye mtu adhani kwamba kidole kilichoumia si kitu.

Huko Gazi, katika pwani ya Kwale, watu wengi hutembea miguu mitupu. Wavuvi hukanyaga miamba, watafutao pweza huenda mbali maji yakipwa, na wapitao katika mikoko hujikwaa kwenye mizizi iliyofichwa na tope. Kidole gumba ndicho kitanguliacho, nacho ndicho kiumiacho zaidi.

Mtu akiumia, na aoshe jeraha mara moja kwa maji safi yatiririkayo na sabuni, mpaka mchanga na tope vitoke. Maji ya bahari hayafai kwa kazi hiyo. Damu ikitoka, abane kwa kitambaa safi muda wa dakika kumi bila kufunua. Kisha afunge jeraha, aketi, na kuuinua mguu ili uvimbe upungue.

Ukucha ukigeuka mweusi, maana yake ni kwamba damu imevilia chini yake. Usiutoboe wala usiung'oe nyumbani. Maumivu yakizidi, mganga wa hospitali aweza kuitoa damu hiyo kwa chombo safi. Ukucha ukianguka wenyewe, usiogope. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Kwa hiyo ule wa kidole gumba huchukua miezi 12 hata 18 kurudi kamili.

Wako watu wapakao jeraha majivu, mafuta ya taa au mavi ya ng'ombe. Desturi hiyo ni ya hatari kubwa. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, navyo hustawi ndani ya jeraha lenye kina lisilopata hewa. Dalili huweza kukawia siku 3 hata 21, jeraha likiwa limekwisha sahauliwa: taya hukaza, shingo hukakamaa, na mwili wote hushikwa na mishtuko. Wengi hufa. Lakini chanjo huzuia ugonjwa huo. Mwenye jeraha chafu ambaye hajachanjwa, au ambaye miaka 5 imepita tangu chanjo yake ya mwisho, na aende akachanjwe bila kukawia.

Aende pia zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Msambweni, ikiwa kidole kimepinda, mfupa waonekana, hawezi kukanyaga, usaha unatoka, au wekundu unapanda mguuni. Mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje hata dalili moja kati ya hizo. Yeye huenda asisikie maumivu, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu mzima.

Viatu vigumu vya mpira, vivaliwavyo mwambani na mikokoni, ni kinga ya kwanza. Maji safi na sabuni ni ya pili, na chanjo ni ya tatu.