Degedege na Lawama za Sindano

Nimeulizwa swali hili na mabibi, na kina baba vijana wenye simu kubwa, na hata na mwalimu wa sekondari: "Dokta, mtoto mwenye degedege si hachomwi sindano? Si atakufa?" Safari hii kauliza mama mmoja kutoka Sofu, hapa Kibaha, mwanawe akiwa bado hajazinduka. Nalijibu hapa kwa maandishi, maana nimechoka kulijibu huku nimeshika bomba la sindano.

Hafi kwa sindano. Anakufa kwa kuchelewa.

Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika tano. Sasa tazameni hesabu zinavyopindishwa. Mtoto anaanza kukakamaa saa mbili usiku. Dakika ya kwanza ni mayowe. Ya pili anaitwa jirani. Ya tatu keshapakwa mkojo wa mama yake au anafukizwa kinyesi cha tembo, kwa sababu eti dege limepita juu ya nyumba. Ya nne anatulia. Kaponywa na nani? Mngempaka uji angetulia vilevile. Lakini huyo anaandikwa kwenye daftari la mganga.

Yule ambaye degedege lake ni malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, hatulii. Anafukizwa usiku kucha. Moshi unamwingia mapafuni kwa kuwa aliyepoteza fahamu hana nguvu ya kukohoa, na dawa ya kunywa anayomiminiwa inafuata njia hiyo hiyo. Siku ya pili ndiyo analetwa, sukari imeshuka mno, hajitambui. Anachomwa sindano, saa moja baadaye anafariki. Huyo anaandikwa kwenye daftari la sindano. Wepesi wote kwa mganga, mahututi wote kwetu. Kwa mgawanyo huo hata mimi ningefungua kilinge nikasifiwa. Wala si mambo ya Kibaha na Kisarawe peke yake: utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza wazazi wanaoanza na tiba za jadi vivyo hivyo.

Hofu hii ya sindano ilikuwa na chembe ya ukweli zamani. Klorokwini ya sindano ikisukumwa haraka mshipani huweza kushusha presha ya mtoto ghafla. Lakini Tanzania iliachana na klorokwini kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001. Leo malaria kali tunaitibu kwa atesuneti, nayo ni sindano. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalihusisha watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Muheza: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa atesuneti asilimia 8.5. Wote walidungwa. Kilichobishaniwa ni sindano ipi inaokoa zaidi.

Basi akianza: mlaze ubavu, mbali na jiko, legeza nguo, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane, usimnyweshe kitu, usimmwagie maji ya baridi. Ile simu kubwa sasa ina kazi: mtu mwingine arekodi. Zikipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, au likishika upande mmoja, au shingo ikikaza, au ana umri chini ya miezi sita, pandeni bodaboda mwende hospitali ya Tumbi, usiku huo huo. Akitulia pia mlete siku hiyo hiyo apimwe malaria. Panado humpa nafuu ya homa, haizuii degedege.

Na si kila degedege lina homa wala kutikisika. Mtoto anayeganda ghafla katikati ya maneno, macho wazi, kisha anaendelea kama hakuna kitu, mara nyingi kwa siku, si mzembe wa darasani. Mleteni kabla hajachapwa. Kichanga anayejikunja kwa mishtuko ya mfululizo, hasa akiamka, mnasema ana chango. Huyo asingoje hata wiki, ubongo wake uko hatarini. Ikithibitika ni kifafa, kuna dawa za kila siku, na povu lake haliambukizi mtu, kwa hiyo mshikeni mtoto wenu. Dawa hizo msizikatize ghafla bila daktari, hata mganga akiwaambia kazi amemaliza.