Kiroba, Dumu na Mwanga Usioonekana (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kiroba cha kahawa na dumu la maji. Hapa Kaisho vyote tunaviita plastiki, basi. Kwa mkemia ni vitu viwili: kiroba kimefumwa kwa polipropilini, dumu ni polithini. Leo tuone anavyovitofautisha bila kuvichoma.

Mwaka 1800 William Herschel aliweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye prizimu. Joto likapanda pasipo na mwanga wowote wa kuonekana. Mionzi hiyo, infraredi, ikiangukia plastiki hutikisa vifungo vinavyoshikanisha atomi, na kila aina ya kifungo hunyonya mawimbi ya kiwango chake tu. Kipande cha kiroba cha ukubwa wa ukucha kinatosha: kinabanwa juu ya kipande cha almasi, mionzi inapitishwa, na mashine inachora mabonde pale iliponyonywa. Kiroba na dumu vyote vina bonde kubwa karibu na mawimbi 2,900 kwa sentimita, maana vyote ni kaboni na haidrojeni. Siri iko kwenye mabonde madogo. Polithini inajitaja karibu na 720, polipropilini karibu na 1,377. Dumu lililochomwa na jua miaka mingi huongeza bonde jingine karibu na 1,715: oksijeni imeshaingia kwenye minyororo yake, ndiyo maana linapasuka ovyo.

Faida ya kipimo hiki ilionekana Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, sangara na sato wa sokoni walipasuliwa matumbo. Vipande vilivyoshukiwa kwa macho vilikuwa katika samaki wengi zaidi, lakini infraredi ilithibitisha plastiki katika asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Miongoni mwake ilikuwamo polithini. Kwa hiyo mtu akikuambia ameona plastiki kwenye samaki, muulize kwanza ameipima kwa kifaa gani.

Mto Kagera, unaopita wilayani kwetu Kyerwa, ndio mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo plastiki yetu ikiingia mtoni inaweza kufika ziwani. Mifuko ya plastiki, yaani rambo, ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Viroba na madumu bado tunavyo. Hata hivyo tusiibebeshe mashine mzigo usio wake: inataja aina ya plastiki, haisemi imetoka Kaisho au Kampala.

Wiki ijayo: kwa nini plastiki nyeusi huisumbua mashine hii.