Wazee Wasiotarajiwa

Mzee ninayemhudumia hapa Baltimore aliwahi kuuza kifo chake. Ndivyo anavyosema mwenyewe, huku akicheka mpaka akohoe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini palikuwa na watu wakinunua bima za maisha za wagonjwa wa UKIMWI: mgonjwa anapewa fedha taslimu, wao wanakuja kulipwa akishafariki. Alichukua fedha, akatembea Hispania, akashonesha suti ya kuzikiwa. Leo ana miaka 74, suti haimwingii tena, na mnunuzi bado anasubiri.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Nilipopangiwa kwake, shemeji yangu aliuliza kama siogopi. Niogope nini? Mzee ni shoga, ndiyo, na ana VVU tangu mimi sijaanza shule. Nampima presha, nahakikisha amekula.

Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya afya ya Marekani iliandika habari za vijana watano wa Los Angeles, wote mashoga, walioshikwa na nimonia isiyo ya kawaida. Mwaka 1984 watafiti wakaanza kuwaandikisha mashoga karibu 5,000, wenye virusi na wasio navyo, katika Baltimore, Chicago, Pittsburgh na Los Angeles. Kila miezi sita walitolewa damu na kuulizwa maswali ya faragha. Dawa hakuna. Mzee alijiandikisha akijua atakufa. Alitaka angalau kifo chake kifundishe kitu.

Na kilichofundishwa ni kingi. Pasipo dawa, ilichukua takriban miaka kumi tangu mtu aambukizwe hadi augue UKIMWI, lakini wengine walikwenda mapema mno na wengine wakadumu. Kwa nini? Mwaka 1996 John Mellors na wenzake wa Pittsburgh walipima damu iliyohifadhiwa ya wanaume 180 wa utafiti huo waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Wingi wa virusi ulitabiri nani atatangulia, tena vizuri kuliko hesabu ya CD4, seli za kinga. Binamu yangu wa Tanga hupimwa wingi huo huo wa virusi kliniki. Kadi yake inasema virusi havionekani, na anajua kwamba hali hiyo ikidumu hamwambukizi mumewe. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia kwamba ufahamu huo umepitia kwenye damu ya mashoga wa Pittsburgh.

Mwaka huo huo iligundulika pia kwamba baadhi ya watu wana kasoro katika jeni iitwayo CCR5. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja, ugonjwa humwendea polepole. Mzee alipimwa, hanayo. Yeye anasema ni bahati na ubishi.

Dawa zilimkuta amebaki mifupa. Julai 1996, kwenye mkutano wa Vancouver, madaktari walionyesha nguvu ya kuchanganya dawa tatu, na kufikia 1997 vifo vya UKIMWI Marekani vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Bay Area Reporter, gazeti la mashoga wa San Francisco lililokuwa likijaa tanzia kila wiki, lilitoka tarehe 13 Agosti 1998 na kichwa cha habari kwamba safari hii hakuna tanzia.

Kaka yangu alifariki Tanga mwaka 1999. Mpango wa taifa wa kugawa dawa hizo Tanzania ulianza 2004. Hapo huwa sicheki na mzee.

Kijana anayeanza dawa mapema sasa anaweza kuzeeka karibu sawa na wenzake. Hawa wa zamani wamebaki na alama: mashavu yaliyoliwa na stavudini, ambayo hata kwetu ilitumika, miguu yenye ganzi, mifupa myepesi. Moyo nao. Utafiti wa watu 7,769 wenye VVU uliotangazwa 2023 ulionyesha kwamba kidonge cha kolesteroli, pitavastatini, kilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa zaidi ya theluthi. Mzee ana vidonge vingi vya moyo kuliko vya VVU. Akiba hana, maana uzee haukuwa kwenye hesabu, na marafiki wa rika lake wengi wamezikwa.

Bado anahudhuria utafiti ule wa 1984, ambao 2019 uliunganishwa na mwingine wa wanawake. Siku hizi wanampima na nguvu za mkono na kasi ya kutembea. Mkono alifaulu. Kasi, analaumu viatu.