Chumvi Nyingi Si Dawa Kali

Akina mama wanaokausha samaki Mbita, Sori na Muhuru wanaijua kazi ya chumvi. Samaki akipakwa chumvi na kuachwa, maji huanza kumtoka. Hakuna aliyemkamua, ni chumvi iliyoyavuta. Jambo hilohilo linaweza kumwokoa mtoto anayeharisha, au kumuumiza.

Tuelezane kidogo. Chumvi au sukari ikiyeyuka haipotei, bali inagawanyika kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana. Maji hupenya ukuta mwembamba, kama ule wa utumbo, kutoka upande wenye chembe chache kwenda upande wenye chembe nyingi. Wataalamu huita hali hii osmosisi. Kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, na gramu moja ya chumvi hutoa chembe zaidi ya mara 10 kuliko gramu moja ya sukari. Ndiyo sababu kukosea kipimo cha chumvi ni hatari zaidi.

Sasa je, mtoto akiharisha? Maji matupu hayatoshi, maana amepoteza chumvi pia. Chumvi na sukari kwa kipimo chake hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji huzifuata hadi kwenye damu. Lakini wengine husema, "Tuongeze kidogo ili dawa iwe kali." Hapana! Mchanganyiko ukizidi damu kwa chembe, maji hutoka mwilini na kurudi tumboni, kama kwa yule samaki. Mtoto anazidi kuharisha na kukauka. Soda nayo ina sukari nyingi mno. Hata pakiti za ORS zilipunguzwa chumvi na sukari kwa ushauri wa WHO na UNICEF mwaka 2002.

Kwetu hili si jambo la darasani tu. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa hospitalini katika Nyanza, na 547 wakafa. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulifika tena Migori na Homa Bay.

Pakiti ya ORS ndiyo bora. Fuata kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, tengeneza hivi:

1. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 (chupa mbili za nusu lita).
2. Sukari, vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa.
3. Chumvi, nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa.

Koroga mpaka vyote viyeyuke, kisha onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Mpe mtoto kidogo kidogo, na aendelee kunyonya na kula. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage.

Akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa au akiharisha damu, mkimbize hospitalini, huku ukimpa maji hayo njiani kama bado anaweza kunywa.

Basi, akina mama na akina baba, tupime, tusikisie.