Ukichagua Jiko la Kuni, Anza na Moshi

Kiomboi iko juu ya uwanda wa Iramba, mkoani Singida, na kipupwe kikiingia mwezi Juni upepo wake haukawii kumfanya mpishi afunge mlango wa jikoni. Miezi hiyo moto hupendwa kuliko wakati mwingine wowote: maharage yanachemka, watoto wamejisogeza kuota moto, bibi kaketi kwenye kigoda. Miezi hiyo hiyo moshi hukosa pa kutokea. Mtu wa huku anayetaka kuachana na mafiga matatu na kupata jiko banifu ataambiwa na muuzaji kwamba jiko hili linapunguza kuni nusu nzima. Hilo ni jambo jema, hasa kwa mama anayetembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Lakini utafiti wa miaka zaidi ya 40, mwingine ukifanywa kwa jirani zetu wa Kenya, Malawi na Rwanda, unatutaka tuulize kwanza moshi utakwenda wapi.

Tuanze na moto wenyewe. Ukuni ukipashwa joto la nyuzi 200 hadi 300 hivi, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka na kutoa mwali tunaouona. Karibu robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu, au hata zaidi, hutoka kwa njia hiyo. Kinachobaki ni kaa na jivu. Gesi zikipata joto kali na hewa ya kutosha, huungua zikaisha. Zikikosa hewa, au zikagusa tako la sufuria ya maji baridi mapema mno, hupoa kabla hazijaungua na kugeuka matone na chembe ndogo sana. Huo ndio moshi. Ni kuni ulizozibeba kichwani, zikapotea bila kuivisha kitu.

Chembe zinazowatia hofu zaidi wataalamu wa afya ni zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5, yaani ndogo kuliko unene wa unywele kwa zaidi ya mara 20. Hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa nimonia ya watoto, kiharusi, magonjwa ya moyo na ya mapafu. Macho nayo hayasalimiki. Shirika hilo linauhusisha moshi huu na mtoto wa jicho kwa wanawake.

Sasa tazama ukuni mbichi ulioko motoni. Kwenye ncha iliyobaki nje ya jiko povu linatokota na kuchuruzika, mvuke unafoka ukilia. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na maji hayo hayaondoki bure. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara 6 ya lile linaloyapandisha kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Moto wako ndio unaolipa deni hilo, unapoa, na moto uliopoa hufuka. Ndiyo maana ningemshauri mtu yeyote ajenge chanja ya kuni yenye paa kabla hajatoa hata shilingi moja ya jiko. Singida ina kiangazi kirefu, na huko ni kubarikiwa kwa anayepika kwa kuni: zilizopasuliwa mvua zinapokatika zina miezi mingi ya jua na upepo kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Zipasuliwe kweli, kwa sababu gome huzuia maji yasitoke. Ukitaka kujua kama zimekauka, gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito.

Hesabu hiyo ya mvuke inahusu pia sufuria. Maharage yakishachemka, kuongeza kuni hakuyaivishi upesi. Maji hubaki kwenye joto lile lile, kinachoongezeka ni mvuke tu. Loweka maharage usiku, funika sufuria, toa kuni mbili motoni.

Kuhusu jiko lenyewe, wengi wetu tunaamini kwamba kuta nene za udongo hutunza joto. Hata wataalamu waliamini hivyo. Katika miaka ya 1970 huko Guatemala yalibuniwa majiko mazito ya udongo na mchanga yaliyoitwa Lorena, yakasambaa nchi nyingi, hadi Uganda jina hilo likazoeleka. Kituo cha utafiti cha Aprovecho, katika jimbo la Oregon, Marekani, kilipoyapima kwa makini kikakuta yanaweza kula kuni nyingi kuliko mafiga matatu yaliyotunzwa vizuri. Udongo mzito haulizuii joto, unalinyonya. Mpishi anachoma kuni kupasha ukuta kwanza, na chakula kinaiva ukuta ukiwa ndiyo kwanza unapata moto.

Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya kitu chepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Larry Winiarski wa kituo hicho alibuni jiko lenye chumba kidogo chenye umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa chini, mwali unapanda kwenye shingo fupi iliyozungushiwa jivu au kitu kingine chepesi. Shingo inakuwa ya moto sana, na gesi huungua humo kabla ya kuifikia sufuria. Akaongeza kola ya bati kuizunguka sufuria, ikiacha upenyo mwembamba ili joto lilambe ubavu wake badala ya kuruka pembeni. Fundi wa Kiomboi anaweza kupata wepesi huo kwa kuchanganya udongo wa mfinyanzi na pumba za mpunga au vumbi la mbao. Tofali likichomwa, pumba huungua na kuacha vitundu vya hewa.

Ugunduzi ninaouona mkubwa kuliko yote ulifanyika Laikipia, Kenya, kwenye ranchi ya Mpala. Watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55 zenye watu 345, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet. Hawakuridhika na kuweka kipimo katikati ya chumba cha kupikia na kuondoka. Waliangalia nani yuko wapi, umbali gani kutoka motoni, anafanya nini. Wakaona kwamba moshi hauji kwa kiwango kimoja siku nzima. Hufumka moto unapowashwa, kuni zinapoongezwa, makaa yanapochochewa, na dakika hizo hizo mpishi ndiye aliyeinama juu yake. Wastani wa chumba kizima unaficha anachovuta mama.

Jambo la pili waliloliona linagusa moja kwa moja kuchagua jiko. Maambukizi ya njia ya hewa yaliongezeka kadiri moshi ulivyozidi, lakini kwa kasi isiyo sawa. Kwenye viwango vya chini, kila ongezeko dogo la moshi lilileta wagonjwa zaidi. Wastani wa siku ulipopita mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo, kasi ikapungua. Mkazi wa Kiomboi aliyewahi kusafiri kwenda Shelui ataelewa: gari linakwenda mwendo mrefu juu ya uwanda bila kushuka, hadi Sekenke ndipo barabara inapoporomoka. Jikoni kulikojaa moshi, kupunguza nusu kunaweza kukuacha bado uko juu ya uwanda. Faida kubwa iko kule chini, na kufika huko kunataka zaidi ya jiko linalookoa kuni.

Majaribio makubwa yaliyofuata yalithibitisha ugumu huo. Guatemala, mtafiti Kirk Smith na wenzake walijenga majiko yenye bomba la moshi na kufuatilia kaya 534. Moshi ulipungua sana jikoni, lakini ule uliowafikia watoto ulishuka nusu tu. Nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa nimonia zote pamoja, tofauti haikuwa ya uhakika. Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watoto zaidi ya 10,000 na majiko yenye feni, na nimonia haikupungua. Majiko yaliharibika mara kwa mara, na moshi mwingine uliendelea kuwafikia watoto. Hata gesi ya kupikia, iliyojaribiwa Rwanda na nchi nyingine tatu, ilisafisha hewa sana bila kupunguza nimonia kali ya watoto wachanga, kwa matokeo ya mwaka 2024. Haya hayana maana kwamba moshi hauna madhara. Yana maana kwamba muuzaji anayeahidi jiko lake litamponya mtoto kifua anaahidi asichoweza kutoa.

Mimi ningepanga hivi. Mwenye nyumba yake ajenge jiko lisilohamishika, lenye bomba linalopita juu ya paa, na masizi yafagiliwe mara kwa mara, kwani bomba lililoziba hurudisha moshi ndani. Mpangaji achukue jiko la kubebeka na apikie barazani, mahali palipokingwa upepo. Kwa wote wawili jiko liwe imara. Ugali wa mtama husongwa kwa nguvu, na jiko jepesi linaloyumba chini ya mwiko litamwagia mtoto maji ya moto. Mlango wa kuni ukiwa mdogo, uliza nani atapasua vipande vyembamba kila siku. Lisipopatikana jibu, jiko litaishia stoo na mafiga yatarudi. Mtungi mdogo wa gesi, kwa anayeumudu, ufanye kazi ya chai ya asubuhi, na kuni zibaki za maharage na makande. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na njia ya wengi kuelekea huko itapita kwenye mchanganyiko wa namna hii. Plastiki isitumike kuwashia moto kabisa. Moshi wake una sumu za aina nyingine.

Kabla ya kulipa, nenda na kuni zako na sufuria yako unayopikia kila siku, si ile ya muuzaji. Liwashe jiko, subiri dakika chache, ongeza ukuni, kisha uangalie: ni hapo ndipo moshi hufumka. Songa ugali uone kama linatikisika. Moto ukikaa saa nzima, sogeza kiganja karibu na ukuta wa nje uone joto linalovuja. Kama moshi unarudi kupitia mlango wa kuni, fundi apanue njia ya hewa au arefushe bomba, naye amaliziwe fedha iliyobaki moto ukishawaka vizuri.