Basi la Murali: Filamu za Kimalayalam za Mwaka 1989



Aliyepata kuishi Ghuba hakosi jirani Mmalabari. Ndiye mwenye duka la vyakula chini ya nyumba, ndiye mpika chai ya maziwa mkahawani, ndiye karani anayetujazia fomu. Tumekaa nao miaka mingi, na wengine tumesali nao safu moja. Lakini lugha yao ya Kimalayalam hatuijui ila maneno mawili matatu, na tukitaja filamu za Kihindi tunakusudia za Bombay tu. Ni hasara. Katika mwaka mmoja, 1989, jimbo lao la Kerala lilitoa filamu zinazotajwa mpaka leo, na mojawapo ni kana kwamba ilitungwa kwa ajili yetu.

Hiyo ni Varavelpu, yaani “Mapokezi”, iliyoongozwa na Sathyan Anthikad na kuandikwa na Sreenivasan. Mohanlal ndiye Murali, kijana anayerejea kwao baada ya miaka saba ya kazi Ghuba. Mwanzoni jamaa wanamzunguka kwa mapenzi makubwa, kila mmoja ana haja yake. Kisha anatamka neno moja: harudi tena ugenini. Nyuso zinabadilika. Nani miongoni mwetu asiyezijua nyuso hizo?

Kwa fedha alizodunduliza Murali ananunua basi la abiria na kuliita Gulf Motors. Kuanzia hapo mtazamaji hucheka huku roho inamuuma. Nauli zinaishia mifukoni mwa wengine. Akimwachisha kazi utingo mwizi, chama cha wafanyakazi kinamjia juu. Na basi lenyewe, jasho la miaka saba, linavunjwavunjwa. Mwishowe hana budi kufunga safari tena. Sreenivasan alipata kueleza kwamba kisa hiki kilichimbuka kwa baba yake mwenyewe, aliyenunua basi likamfilisi.

Siafiki kila kitu. Chama cha wafanyakazi kimesawiriwa kwa ubaya mtupu, na sisi tuliofanya kazi mahali pasipo na mtu wa kututetea tunaijua thamani ya chama. Lakini swali linabaki pale pale: tunaowatumia fedha kila mwezi wanatungoja sisi, au wanazingoja fedha? Na sisi nasi, tunarudi na mpango, au tunarudi na masanduku tu?

Ya pili ni Mathilukal, “Kuta”, ya Adoor Gopalakrishnan, iliyotokana na riwaya fupi ya Vaikom Muhammad Basheer, Mwislamu wa Kerala na bingwa wa nathari ya lugha hiyo. Basheer alifungwa kwa maandishi yake, na katika kisa hiki anajitia yeye mwenyewe. Mammootty, anayemwigiza, anasikia sauti ya mwanamke ng’ambo ya ukuta wa gereza: Narayani, mfungwa wa upande wa pili. Wanazungumza, wanapendana, anamrushia mche wa waridi. Bibi huyo akitaka kujulisha kwamba yupo, hurusha kijiti juu. Hatumwoni hata mara moja. Tunaisikia sauti tu, ya K.P.A.C. Lalitha. Wanapanga kuonana hospitalini mwa gereza, na kabla ya siku hiyo Basheer anaachiwa huru. Sijapata kuona uhuru ukipokewa kwa uchungu namna ile.

Kwa filamu hiyo Adoor alipata tuzo ya taifa ya mwongozaji bora. Mammootty naye alitunukiwa uigizaji bora kwa hiyo pamoja na Oru Vadakkan Veeragatha ya Hariharan. Katika hii ya pili mwandishi M. T. Vasudevan Nair, aliyefariki Desemba 2024, anamchukua Chandu, ambaye nyimbo za kale za kaskazini mwa Kerala humwita msaliti, na kumpa nafasi ya kujitetea.

Imebaki Kireedam, “Taji”, ya Sibi Malayil, iliyoandikwa na Lohithadas. Askari wa cheo cha chini, aliyeigizwa na Thilakan, anatamani mwanawe awe inspekta. Siku moja mtoto anamwona baba akipigwa sokoni na jambazi. Anaingilia kumwokoa, na mtaa mzima unamvika jina la jambazi mpya. Kazi inapotea, uchumba unavunjika, na mwisho wake damu inamwagika. Baba ndiye anayelazimika kutoa taarifa kwamba mwanawe hafai kuwa polisi. Tafuteni nakala zenye maandishi ya Kiingereza chini, au mwombeni jirani Mmalabari awafasirie. Ila hii ya mwisho ina visu na kilio, basi watoto wadogo walale kwanza.